Gunia la Mahindi Peke Yake Halimtoshi Mzee

Ndugu Mkulima, labda mama yako mzee anakaa na wajukuu huko Tassia, Nairobi, nawe humpelekea gunia la mahindi. Ni vyema, lakini hayatoshi. Mzee asiye na meno hunywa chai kwa mkate, akasema ameshiba. Nyama za mwili hupungua, miguu hulegea, na ngazi za ghorofa humshinda.

Mzee wa kilo 60 ahitaji gramu 60 hivi za protini, chakula cha kujenga mwili, kila siku; yai moja lina 6 tu. Basi safari ijayo funga pia maharagwe, njugu na mayai. Waagize wajukuu wayaponde maharagwe, wampe na maji hata asipoona kiu, maana kiu ya mzee hupungua.