Kusafisha Bwawa la Samaki Bila Kumwaga Maji

Mwaka 2009, serikali ya Kenya iliingiza ufugaji wa samaki katika mpango wake wa kufufua uchumi. Maeneo bunge 140 yalichaguliwa, na kila moja likapangiwa mabwawa 200 yenye ukubwa wa mita mraba 300. Bungoma ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizofikiwa, na tangu hapo bwawa la samaki si kitu kigeni katika maboma ya eneo la Bumula huko Bungoma, kati ya miwa na migomba. Kazi ya kuchimba ilipata msaada. Kazi ya kutunza ilibaki kwa mwenye boma, na hapo ndipo swali la usafi lilipoanza: majani yamejaa, tope limepanda, je, bwawa limwagwe?

Tuanze na hesabu. Bwawa la mita mraba 300 lenye kina cha wastani cha mita moja hubeba lita 300,000. Kuyamwaga maji hayo ni kazi ya siku moja au mbili; kuyarudisha ni jambo jingine, hasa kati ya Desemba na Februari, vijito vinapopungua. Isitoshe, maji ya kijani yaliyozoeleka yana chakula. Rangi ile ni ya mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo tilapia huila na ambayo mchana hutoa oksijeni. Anayemwaga maji hayo anamwaga mbolea na malisho aliyoyagharamia kwa miezi.

Basi uchafu wenyewe ni upi? Ni kile kinachooza. Jani la mpera au la mwembe likizama, bakteria hulishughulikia, na katika kazi hiyo hutumia oksijeni ileile wanayoitegemea samaki. Chakula kilichobaki na kinyesi cha samaki huzalisha amonia. Tope likikaa nene bila hewa, hutoa gesi yenye harufu ya yai viza. Usiku hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu mimea ya majini huacha kutoa oksijeni huku yenyewe ikiendelea kuitumia. Ndiyo maana samaki wenye shida huonekana alfajiri, midomo juu, wakihema kwenye uso wa maji. Kwa hiyo kusafisha bwawa maana yake ni kuwapunguzia samaki washindani wa oksijeni. Kuyafanya maji yang'ae si lengo.

Kabla ya kugusa chochote, pima. Zamisha mkono wima, kiganja kikiwa kimefunguka. Kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, na rangi ni ya kijani, mbolea imezidi: acha kuongeza samadi. Rangi ikiwa ya udongo, mara nyingi tatizo linatoka nje ya bwawa, na kutoa taka hakutasaidia kabla mlango wa udongo huo haujazibwa.

Vinavyoelea hutolewa kwanza, kwa kuwa bado havijaoza. Upepo huvisukuma upande mmoja. Anzia hapo kwa wavu wenye mpini mrefu. Kwenye bwawa pana, watu wawili washike kamba ndefu iliyofungiwa vipande vya shina la mgomba, mmoja kila ukingo, waiburute taratibu hadi kona moja. Magugu madogo yanayoelea yanaweza kupewa kuku, mengine yaende kwenye mboji. Usiyapulizie dawa ya kuua magugu: yakifa yote kwa pamoja huzama na kuoza kwa pamoja, na oksijeni huisha kwa ghafla.

Nyasi za kingoni nazo zikatwe. Utafiti uliofanyika Kisii na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba tilapia walipunguza viluwiluwi vya mbu wa malaria mabwawani kwa zaidi ya asilimia 94. Lakini samaki hula viluwiluwi wanavyovifikia. Nyasi zikijazana kingoni, mbu hupata maficho, na katika eneo la malaria kama Bumula hilo si jambo dogo.

Tope la chini linataka subira. Safu nyembamba iachwe, maana huziba mianya ya kuvuja na hutoa rutuba. Linalotolewa ni lile lililolundikana, hasa kwenye kina kirefu karibu na bomba la kutolea maji. Kama bwawa liko kwenye mteremko, tumia mpira wa maji: ujaze maji, ziba ncha zote mbili, zamisha moja hadi kwenye tope, na nyingine ishushe chini ya usawa wa maji ya bwawa, kisha fungua. Maji yatavuta tope yenyewe bila pampu. Ncha ya ndani isogezwe polepole, kwani tope likitibuliwa huachia gesi na kula oksijeni papo hapo. Penye tambarare, ndoo na subira vitatosha.

Ukubwa wa kazi uwe na mpaka. Kushusha maji kwa sentimita 10 tu ni sawa na lita 30,000, nazo zinatosha kwa mkupuo mmoja. Zielekezwe kwenye migomba au sukumawiki, kamwe zisielekezwe mtoni. Fanya kazi hii jua likishapanda, si alfajiri wala siku ya mawingu, na usiwalishe samaki siku hiyo kabla ya kumaliza. Wakija juu ya maji wakihema, simama. Msimu pia una neno: kunyonya tope kufanyike wakati wa mvua, ambapo maji yatajazwa tena, kiangazi kiwe cha wavu tu.

Lakini kazi kubwa kuliko zote iko nchi kavu. Chimba mtaro upande wa juu ili maji ya mvua yaliyobeba udongo wa shamba yapite kando. Panda nyasi fupi kwenye kingo. Weka wavu kwenye bomba la kuingizia maji. Mti unaopukutisha majani juu ya bwawa ukatwe matawi. Na chakula kipimwe: kinachobaki kikielea baada ya mlo ni uchafu wa kesho, na umeulipia.

Kumwaga maji yote kuna wakati wake, nao ni wakati wa mavuno, samaki wakishatoka. Hapo tope lichotwe, sakafu ikauke, na chokaa ya shambani imwagwe. Kabla ya hapo, mfugaji wa Bumula anayemwaga bwawa kwa sababu ya majani anapoteza maji, malisho na samaki kwa tatizo ambalo wavu, mpira na mtaro vingelimaliza.