Waya wa moyo uliotoka bandani

BETRI ya moyo ya kawaida haina kazi bila waya wake. Kifaa chenyewe hupandikizwa chini ya ngozi, lakini kinachofikisha umeme kwenye msuli wa moyo ni waya mwembamba uliovikwa mpira, na hapo ndipo wavumbuzi walipohangaika miaka mingi.

Wilson Greatbatch, mhandisi wa Marekani, alianza na akiba ya dola 2,000. Aliacha kazi, akahamia kwenye banda lililo nyuma ya nyumba yake huko Clarence, jimbo la New York, huku familia ikila mboga za bustanini. Kwa miaka miwili alitengeneza kwa mkono vifaa 50. 40 vikaenda kwa wanyama, 10 kwa wagonjwa. Aliomba hataza mwaka 1960, akapewa 1962. Kabla haijatoka, alikuwa ameshawapa leseni Medtronic, kampuni ya Minneapolis iliyoanzia gereji mwaka 1949. Mkulima mwenye mbegu nzuri lakini hana shamba la kutosha ataielewa hesabu hiyo.

Kikwazo kikawa waya. Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na kila pigo huupinda. Chukua kipande cha seng'enge ukipinde huku na huku: kitakatika kabla hujachoka. Nyaya za mwanzo zilikatika hivyo hivyo, na mgonjwa aliyekwisha kurudia shughuli zake akajikuta hatarini tena.

Daktari William Chardack wa Buffalo, mshirika wa Greatbatch, aliusokota waya mfano wa springi, kwa platinamu na iridiamu, ndani ya mpira wa silikoni. Springi husambaza mkunjo badala ya kuuacha sehemu moja.

Hataza za Marekani zilidumu miaka 17 wakati huo, hivyo ile ya Greatbatch ilikwisha 1979. Hakuachwa mikono mitupu: tangu 1970 alikuwa na kampuni yake ya betri za vifaa hivyo.

Waya, hata hivyo, umeendelea kusumbua. Oktoba 2007 Medtronic ilisitisha mauzo ya Sprint Fidelis, waya wa vifaa vya kushtua moyo, baada ya kubainika kuwa unavunjika. Takriban 268,000 zilikuwa zimeshapandikizwa duniani. Gari lenye kasoro hurudishwa kwa muuzaji. Waya uliokaa miaka ndani ya mshipa hushikwa na nyama, na kuung'oa kunaweza kuchana moyo. Wengi walishauriwa kubaki nao na kuhudhuria vipimo.