Gari la Kikundi Likilia Kwenye Kona



Katika ziara zetu tumeona kwamba vikundi kadhaa sasa vina gari: hapa pikap ya kubeba maziwa, pale Probox ya kupeleka mboga sokoni. Gari hilo limenunuliwa kwa jasho la wengi, shilingi kwa shilingi. Lakini anayesikia linavyolia ni dereva peke yake.

Pikap ya kikundi kimoja tunachokitembelea ilianza kugonga "go! go!" kila ilipokata kona. Dereva alisikia, akanyamaza. Mara ya mwisho alipotaja ubovu, mkutano ulimwambia, "Ni wewe umeharibu, ulipe." Wiki ya tatu, kwenye mteremko, gurudumu la mbele lilijikunja na gari likaingia mtaroni. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Lakini mama mmoja alivunjika mkono, na maziwa ya asubuhi nzima yalimwagika. Fundi alikuta boljointi imechomoka.

Dalili ya mvua ni mawingu. Hebu tujifunze dalili hizi pamoja.

KWA NINI KWENYE KONA?

Gari likienda moja kwa moja, magurudumu ya pande zote mbili hugawana uzito. Likikata kona, uzito hulalia upande wa nje, na jointi za mbele hupinda. Kifaa kilichochoka hulalamika hapo kwanza.

SAUTI NA MAANA YAKE

1. "Tak-tak-tak" ukikata kona kali huku unakanyaga mafuta. Hii mara nyingi ni sivi jointi. Iko kwenye magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kama Probox, na kwenye foo-wili nyingi. Pikap inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake haina jointi hiyo mbele, kwa hivyo usikubali kuuziwa! Tazama mpira unaoifunika. Ukipasuka, grisi hutoka na mchanga huingia. Mpira ukibadilishwa mapema na grisi mpya ikitiwa, jointi inaweza kupona. Ikishaanza kulia, mara nyingi ni kubadilisha.

2. "Vuuum", mngurumo unaoongezeka na mwendo. Hapo shuku beringi ya gurudumu. Ukizidi unapopinda kulia, anza kuangalia beringi ya kushoto, maana ndiyo imelaliwa na uzito. Ukizidi unapopinda kushoto, anza na ya kulia. Beringi ikiachwa hupata moto, na inaweza kukwama au kuachilia gurudumu.

3. "Go!" ukizungusha usukani au ukipita shimo. Inaweza kuwa boljointi, tairodi au bushi. Hii ndiyo sauti ya kuogopwa kuliko zote. Egesha gari, ita fundi. Usiseme "tumalize kwanza safari ya leo."

4. Mkwaruzo. Pengine tairi linagusa madigadi kwa sababu ni kubwa kupita kiasi, au mzigo umezidi. Tafuta alama ya msuguano kwenye tairi. Pengine kijiwe kimeingia kati ya diski ya breki na bati lake. Pengine pedi za breki zimekwisha na chuma kinakula chuma.

5. Usukani kulia "nyiii" ukifika mwisho. Kwa gari lenye pawa stiaringi ya mafuta, angalia kama mafuta hayo yamepungua, na mahali yanapovuja. Usishikilie usukani mwishoni kwa muda mrefu, pampu itaumia.

Tena kuna jambo rahisi ambalo wengi husahau: nati za gurudumu. Zikilegea hugonga. Baada ya kubadilisha tairi, kazeni nati kwa kuruka, moja huku na nyingine ng'ambo yake, kisha mzikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

JINSI YA KUPIMA

Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe kwenye magurudumu yanayobaki chini. Inua gurudumu kwa jeki, kisha weka stendi imara. Mtu yeyote asiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Shika tairi juu na chini, ulitikise. Likicheza, shuku beringi au boljointi. Shika kushoto na kulia, utikise tena. Likicheza hapo tu, shuku tairodi. Kisha lizungushe kwa mkono usikilize kama linakwaruza.

Kabla ya kwenda kwa fundi, andikeni kwenye daftari: sauti inatoka upande gani? Ni kona ya kulia au ya kushoto? Ni kwa mwendo wa pole au wa kasi? Inabadilika ukikanyaga mafuta au breki? Fundi akipata majibu haya hatabahatisha, nanyi hamtanunua spea tatu kutafuta moja.

KAZI YA KIKUNDI

Tukirudi kwa ile pikap, boljointi ilichoka, lakini kilichomvunja mama yule mkono ni ukimya. Dereva aliogopa watu kuliko alivyoogopa kona. Kikundi hicho sasa kimekubaliana mambo matatu: dereva akiripoti sauti halaumiwi, ana ruhusa ya kuegesha gari bila kungoja mwenyekiti, na kila wiki kiasi fulani kinawekwa kando kwa matengenezo kabla ya kugawana faida. Tunawasihi na ninyi mfikirie hayo. Ni afadhali maziwa yachelewe siku moja kuliko kubeba jeneza.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Gari letu lina sauti gani ambayo tumeizoea? Tuliisikia lini mara ya kwanza?
2. Dereva wetu anaweza kutuambia habari mbaya bila hofu? Tumuulize yeye mwenyewe.
3. Gari likiharibika kesho, pesa za spea zitatoka wapi?

Mungu awalinde barabarani.