Freni ya upepo: maji ndani ya tanki, hatari ambayo manometri haionyeshi

Kamio nyingi kubwa zinazobeba maharagwe, simenti, mafuta na watu kati ya Uvira, Bukavu, Goma, Butembo na Beni zinasimama kwa nguvu ya upepo. Hazitumii mafuta ya freni kama gari ndogo. Zinatumia hewa iliyobanwa ndani ya tanki za chuma zilizofungwa kwenye shasi. Pamoja na hewa hiyo, maji yanaingia kila siku. Hakuna mtu anayeyatia ndani. Yanakuja na hewa yenyewe.

Katika nchi za baridi maji hayo yanageuka barafu na kuziba freni, kwa hiyo kila shofere wa huko anayaogopa. Huku kwetu hayagandi. Barafu tunayo juu kabisa ya Ruwenzori, na hakuna kamio inayopanda huko. Ndiyo sababu ni rahisi kuyasahau. Lakini maji yasiyoganda nayo yanaharibu freni, polepole, na shofere anaweza kufika katikati ya mteremko bila kujua kwamba upepo alionao ni kidogo.

Namna freni ya upepo inavyofanya kazi

Moteri inapozunguka, inazungusha kompresere. Kompresere inavuta hewa ya nje, inaibana na kuisukuma ndani ya tanki. Shofere anapokanyaga pedali, valvu inafunguka na upepo unakimbia ndani ya tiyo mpaka kwenye chemba ya freni iliyo karibu na gurudumu. Mle ndani kuna membrani ya mpira. Upepo unasukuma membrani, membrani inasukuma fimbo ya chuma, na freni inabana.

Mtu aliyeanzisha freni ya namna hii ni Mmarekani George Westinghouse. Alipata hati yake mwaka 1869, na wakati huo ilikuwa ya treni. Baadaye kamio na mabasi nayo yakaichukua, kwa sababu hewa iko kila mahali na hainunuliwi.

Kamio nyingi ziko pia na resori kali kwenye freni za nyuma. Resori hiyo inabana freni wakati upepo hauko, na upepo ndio unaoilegeza. Kwa hiyo shofere anapowasha kamio asubuhi, anangoja kwanza presio ipande ndipo atoke.

Maji yanatoka wapi?

Hewa tunayovuta ina maji ambayo macho hayaoni. Hewa ya joto inabeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Kwenye nyuzi 30, kama vile mchana katika bonde la Ruzizi, kipimo cha hewa cha metre moja kwa upande kila upande (metre kibiki moja) kinaweza kubeba mpaka gramu 30 hivi za maji. Kwenye nyuzi 10, kama usiku wa baridi milimani, hakiwezi kubeba hata gramu 10.

Sasa tuangalie kazi ya kompresere. Ili manometri ionyeshe bar 8, hewa iliyokuwa inajaza nafasi tisa inabanwa ndani ya nafasi moja. Maji ya nafasi zote tisa yanakuja pamoja nayo. Lakini nafasi hiyo moja, ikishapoa, haina uwezo wa kubeba zaidi ya gramu zake 30. Kama hewa ilikuwa imejaa unyevu, gramu 240 zinazobaki zinageuka maji. Ni karibu robo ya litre, na inatuama chini ya tanki.

Kamio inayotoka Uvira kwenda Bukavu inaonyesha jambo hili vizuri. Uvira iko kando ya ziwa Tanganyika, kwenye urefu wa metre 770 hivi juu ya bahari. Ziwa Kivu liko kwenye metre 1 460 hivi. Kamio inavuta hewa ya joto na unyevu kule chini, inapanda Ngomo, halafu inalala Bukavu kwenye baridi. Usiku tanki inapoa, na maji yanadondoka ndani yake kama jasho kwenye chupa iliyotoka kwenye frigo.

Kwa wenzetu wa nchi za baridi

Ulaya na Kanada, wakati wa baridi, maji hayo yanafika nyuzi 0 na kuganda. Maji yakiganda yanavimba, yanaongezeka karibu sehemu 9 kwa 100. Tone dogo ndani ya valvu linatosha. Freni inaweza kukataa kushika, au kushika na kukataa kuachia.

Kwa sababu hiyo kamio za huko ziko na filtri ya kukausha upepo. Ni kopo la chuma kama filtri ya mafuta ya moteri, limewekwa kati ya kompresere na tanki. Ndani yake mna punje ndogo zinazonyonya unyevu. Tanki zikijaa, filtri inapumua nje kwa sauti ya «pshhh!» na kutupa maji iliyoshika. Mara nyingi chini ya filtri kuna pia kifaa kidogo cha umeme cha kuipasha moto ili isigande. Kamio za zamani zilizokuwa bila filtri zilitiwa pombe ya kiwandani kwenye chombo maalumu, ili maji yasigande.

Kamio nyingi za okazioni zinazofika kwetu zilitoka kwenye baridi hiyo, na ziko na filtri hiyo. Kuna anayefikiri kwamba ni kitu cha barafu tu, hakina kazi huku. Hilo ni kosa. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia maji yasiingie kwenye tanki, iwe kuna barafu au hakuna. Filtri ikichoka na fundi akaunga tiyo moja kwa moja kutoka kompresere mpaka tanki ili kukwepa gharama, maji yote yanaingia ndani.

Huku kwetu maji yanafanya nini?

Jambo la kwanza ni kutu. Tanki ni ya chuma na inaoza kutokea ndani, mahali ambapo hakuna mtu anayeona. Vipande vya kutu vinasafiri na upepo mpaka kwenye valvu.

La pili, maji yanasafisha grisi iliyo ndani ya valvu. Yanachanganyika pia na mafuta kidogo yanayotoka kwenye kompresere, na kuwa uji mzito wa rangi ya maziwa. Uji huo unashikana na vumbi la kutu. Valvu inakuwa nzito: magurudumu ya nyuma yanashika kwa kuchelewa, au upande mmoja unashika kuliko mwingine na kamio inavuta pembeni.

La tatu ndilo baya kuliko yote, kwa sababu halionekani: maji yanachukua nafasi ya upepo.

Fikiria bidoni ya litre 20 ambayo mtu ameijaza mawe nusu. Ukiipeleka mtoni inarudi imejaa mpaka mdomoni, lakini maji ya kunywa si litre 20. Tanki ya upepo iko vilevile. Tuseme ni ya litre 40, na chini yake kuna litre 10 za maji. Upepo una litre 30 tu za kukaa. Robo ya akiba imekwisha. Lakini manometri itaonyesha bar 8 kama kawaida! Manometri inapima upepo umebanwa kwa nguvu gani. Haipimi upepo ni mwingi kiasi gani.

Kwenye barabara tambarare shofere hataona tofauti. Anakanyaga mara moja, kompresere inajaza tena. Kwenye mteremko mrefu kama Ngomo, au Kabasha chini ya Kanyabayonga, mambo yanabadilika. Pedali inakanyagwa tena na tena. Kila mkanyago unakula upepo. Kama moteri inazunguka polepole, kompresere nayo inajaza polepole. Tanki yenye maji inashuka presio haraka kuliko tanki kavu. Presio ikifika chini, kwenye kamio nyingi karibu bar 4 au 5, taa nyekundu inawaka na kengele inalia. Ikiendelea kushuka, resori za nyuma zinabana zenyewe. Kwenye matope na mzigo mzito, magurudumu yanayobana ghafla yanaweza kuifanya kamio iteleze. Na kama mtu alizifunga resori kwa bulon ili kamio iliyoharibika itembee, kisha akasahau kuzifungua, hakuna kitu cha nyuma kitakachobana.

Namna ya kumwaga maji

Dawa ya kwanza haina bei. Chini ya kila tanki kuna robine ndogo, au valvu yenye kamba au pete ya kuvuta. Imewekwa hapo kwa ajili ya kumwaga maji. Kazi hii inafanyika kila siku, jioni kamio ikimaliza safari, wakati upepo bado uko ndani.

1. Simamisha kamio mahali tambarare, zima moteri, weka freni ya mkono.

2. Zuia magurudumu kwa kabari au mawe makubwa, mbele na nyuma. Usiache hatua hii. Upepo ukitoka, kamio isiyo na resori inabaki bila freni kabisa.

3. Anza na tanki ya kwanza kutoka kompresere, kwa sababu ndiyo inayokusanya maji mengi. Kisha nenda kwenye zile nyingine zote, pamoja na za remorki kama iko.

4. Fungua polepole. Usiweke uso chini ya robine: maji na kutu vinatoka kwa nguvu na vinaweza kuumiza macho.

5. Acha mpaka utoke upepo mkavu. Halafu funga vizuri.

Asubuhi shofere anawasha moteri na kungoja presio ipande. Ikifika juu, anazima moteri, anakanyaga pedali kwa nguvu na kuishikilia dakika moja huku magurudumu bado yamezuiwa. Sindano ikishuka zaidi ya robo ya bar hivi katika dakika hiyo, kuna mahali upepo unavuja. Fundi aitwe kabla ya kutoka.

Kinachotoka kinasema nini?

Maji machache meupe: ni kawaida kwa kamio isiyo na filtri ya kukausha, au ambayo filtri yake imeanza kuchoka.

Maji mengi kila jioni, kwenye kamio yenye filtri: filtri imekufa. Kopo lake linabadilishwa. Watengenezaji wengi wanasema kati ya mwaka 1 na miaka 3, kulingana na kazi. Kwa kamio inayopanda na kushuka milima katika vumbi na mvua, ni vizuri kufuata ule muda mfupi.

Maji ya rangi ya udongo mwekundu: tanki inaoza ndani. Ikaguliwe, na ikibidi ibadilishwe. Kuziba tundu kwa kulehemu tanki iliyokwisha kuoza ni hatari, inaweza kupasuka.

Uji wa rangi ya maziwa au mafuta meusi: kompresere inapitisha mafuta ya moteri. Kubadilisha filtri peke yake hakutasaidia, hata mpya itaharibika haraka. Kompresere itengenezwe kwanza.

Hakuna kinachotoka kabisa, hata upepo: robine imezibwa na matope au kutu. Usifurahi. Maji yako ndani.

Mambo ya kuepuka

Kutia mazutu, petroli au pombe ndani ya tiyo za upepo ili «kuzisafisha» kunaharibu mipira na membrani, na kunaua punje za filtri. Hata katika nchi za baridi pombe inatumiwa tu pale mtengenezaji ameweka chombo chake. Huku kwetu, ambapo hakuna barafu, haina faida yoyote.

Robine iliyoharibika isizibwe kwa bulon. Kufanya hivyo ni kufungia maji ndani mpaka siku tanki itakapotoboka.

Kila mtu na kazi yake

Kumwaga maji ni kazi ya dakika chache, na mara nyingi inaachiwa boi wa kamio. Ni vizuri shofere mwenyewe aangalie kilichotoka, kwa sababu yeye ndiye atakayekanyaga pedali kesho. Patroni wa kamio naye anapaswa kujua kwamba bei ya filtri moja ni ndogo kuliko valvu zote za freni, na haiwezi kulinganishwa na watu wanaokaa juu ya mzigo.

Msafiri na mchuuzi hawana haja ya kuingia chini ya shasi. Wanaweza kuuliza swali moja kabla ya kupanda: «Maji ya tanki mlimwaga jana?» Wanaweza pia kuangalia kama shofere anangoja presio ipande kabla ya kutoka, na kama kengele ya freni bado inalia wakati kamio imeanza kutembea. Ikiwa inalia, mwambieni asimame. Kungoja dakika kumi kwenye parkingi hakujawahi kuua mtu.