Je, wajua? Mngurumo wa Subaru ni kasoro

Jioni pale Njiro, Arusha, Impreza ya zamani ikipita, vijana hugeuza shingo kabla hawajaiona. Ule mlio wa budu-budu-budu, kama mtu anapiga mdomo wa mtungi kwa kiganja, Altezza hana na Mark X hana. Wengi huapa kuwa ni ekzosi kubwa iliyofungwa na fundi. Ekzosi inaukuza tu. Mlio wenyewe unatokana na mabomba yasiyolingana, na Subaru walipokuja kuyalinganisha, wapenzi wao walinuna.

Injini ya ukoo wa EJ ilitoka mwaka 1989, ikaingia kwenye Impreza mwaka 1992. Imelala chali: silinda mbili kulia, mbili kushoto, pistoni zikirusha ngumi huku na huku. Moto huwaka kwa mfuatano wa 1, 3, 2, 4. Sasa angalia: namba 1 na 3 ziko kulia, 2 na 4 ziko kushoto. Kwa hiyo ni kulia, kulia, kushoto, kushoto. Turbo nayo imekaa nyuma upande wa kulia. Moshi wa kulia unaifikia kwa hatua chache, wa kushoto lazima uzunguke chini ya injini kwa bomba refu. Mapigo yanayotoka kwa vipindi sawa yanafika kwa vipindi visivyo sawa. Pengo moja limerefuka, jingine limefupika. Sikio linasikia ngoma, turbo inapata vurugu. Legacy ya mwaka 2003 ilipofungwa mabomba ya urefu unaolingana, turbo ikaanza kuitika mapema, na mngurumo ukafa. Hadi leo wapo wanaotoa fedha kurudishiwa mabomba ya zamani.

Hiyo ni kasoro inayopendwa. Inayochukiwa ni gasketi ya hedi, na hapa ndipo watu wanapoionea gari hii. Ukitaja Subaru kijiweni utaambiwa, "Inaunguza gasketi." Injini ipi? Katika EJ, kutoka katikati ya silinda hadi katikati ya jirani yake ni milimita 113. Injini ya lita 2.0 ina tundu la milimita 92, hivyo kati ya silinda na silinda inabaki nyama ya milimita 21. Ya lita 2.5 ilitanuliwa hadi milimita 99.5 ndani ya nafasi ileile, nyama ikabaki 13.5. Sifa mbaya iliyoenea duniani ni ya hiyo kubwa hasa. Impreza nyingi za hapa mjini zina lita 2.0, ila zinahukumiwa kwa kosa la ndugu yao.

Injini nyingine tunaziua wenyewe. Niliwahi kukaa gereji moja Unga Limited nikisubiri gari, nikamwona fundi anachomoa thamostati na kuitupa kwenye kopo la misumari.

"Fundi, hiyo mbona unaitoa?"

"Kaka, thamostati ya nini huku? Hii ni ya Ulaya kwenye barafu."

Mwenye gari akatikisa kichwa kukubali, akalipa. Ukweli ni kwamba bila thamostati injini inachelewa kupata joto lake, hasa Juni na Julai zetu za ukungu. Kompyuta inadhani gari ndiyo kwanza limewashwa, inaendelea kumwaga petroli nyingi, na petroli nyingine inateleza hadi kwenye oili. Baada ya miezi miwili yule bwana atakuwa kijiweni analalamika kuwa Subaru inakunywa mafuta.

Kisha rejeta inajazwa maji ya bomba. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari, na kwa kimo hiki maji matupu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Mfuniko mzima wa rejeta ukibana presha, na kulanti ikiwemo, kiwango hicho hupanda kupita 100 kwa mbali. Mfuniko ukilegea mpira wake, umebaki na maji ya chai. Na maji yenyewe ni ya Meru, yale tunayoyajua kwa floraidi inayopaka meno rangi ya kahawia. Sioni kwa nini tuyaamini ndani ya injini ya alumini. Isitoshe, injini iliyolala hupenda kuficha hewa kwenye hedi. Inajazwa polepole, inaachwa iungurume, inaongezwa tena. Fundi mwenye foleni ya magari sita hana subira hiyo. Anajaza, anafunga, anakupa ufunguo, na mshale wa joto unapanda ukiwa katikati ya mlima wa Oldonyo Sambu, msaada wako ni mchungaji mwenye dumu la maji.

Mengine yapo, niyapitie haraka. Mfuniko wa vali huvujisha oili juu ya ekzosi, ndiyo ile harufu ya kuungua ukisimama kwenye taa. Plagi zimebanwa ubavuni karibu na chesisi, ndiyo maana fundi wa Subaru ana makovu kwenye vidole. Gia boksi ya gia tano ya WRX za mwanzo haipendi kuondoka kwa fujo. Taimingi belti ni ndefu, hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ikikatika, kwa injini nyingi za EJ vali na pistoni hukutana. Bado watu wananunua gari lenye kilomita 95,000 kutoka Japani bila kuulizia belti.

Ubovu ungekuwa wa asili, Colin McRae asingeshinda Safari Rally na Impreza mwaka 1997, wala Richard Burns mwaka 2000, kwenye vumbi na mawe ya majirani zetu Kenya. Wao walikuwa na mafundi waliofuata kitabu. Sisi tuna mabodi mazima yaliyoota majani nyuma ya gereji, injini zimeuzwa kilo kwa kilo kama chuma chakavu. Inaudhi.

Kazi za injini hii? Mashindano, misafara ya harusi, doria za polisi Kenya, hata ndege ndogo za kujiundia nyumbani huko ng'ambo.

Mwenye nayo, kesho asubuhi injini ikiwa bado ya baridi, fungua mfuniko wa rejeta uchungulie. Ukikuta kijani au bluu, nenda zako. Ukikuta rangi ya chai, usipande Oldonyo Sambu. Rudi kwa fundi, na umuulize thamostati yako aliiweka wapi.