Samaki wa Nyumbani (3): Tangi Linaponuka

Wiki iliyopita tulieleza namna ya kuchagua tangi la kioo na mahali pa kuliweka. Leo tuje kwenye lalamiko linalowafanya wengi wagawe samaki kwa majirani na kugeuza tangi kuwa pa kuwekea vyombo: harufu.

Tangi lenye afya halinuki. Ukiliinamia, utapata harufu hafifu ya udongo uliolowa, ile ya ukingo wa mto Lumuma, hapa kwetu Kilosa, asubuhi. Ikizidi hapo, kuna jambo, na jambo hilo lazima litafutwe. Napinga kabisa tabia ya kupuliza manukato sebuleni ili wageni wasisikie. Manukato hayaondoi uozo, na matone yake hutua majini. Dawa ya kupuliza mbu ni mbaya zaidi, kwa sababu samaki hufa kwa kiasi kidogo mno cha sumu ile.

Anza na lililo rahisi. Hesabu samaki wako. Akikosekana mmoja, tazama nyuma ya mawe na ndani ya chujio, maana mzoga mmoja tu unatosha kuharibu lita 40 za maji. Kisha angalia chakula. Pumba au dagaa wa kusaga waliosalia chini huoza haraka kwenye joto letu. Wape kiasi watakachomaliza ndani ya dakika mbili, basi.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake. Kwenye tangi lililokomaa, bakteria wa jamii ya Nitrosomonas huigeuza kuwa nitriti, na wengine, kama Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa. Bakteria hao hukaa kwenye mchanga, mawe na sponji ya chujio, na huchukua wiki 4 hadi 6 kuongezeka vya kutosha. Anayenunua tangi Jumamosi na kujaza samaki jioni ileile anawaweka ndani ya mkojo wao. Tena hapa pua huchelewa: amonia huweza kuua kabla hujaisikia. Ukiona samaki wanahema juu ya maji na matamvua yamekuwa mekundu, badilisha sehemu ya maji siku hiyohiyo.

Harufu ya mayai viza ni habari nyingine. Chukua kijiti, kichomeke taratibu kwenye mchanga pembeni mwa tangi. Vipovu vikipanda na kijiti kikatoka na mchanga mweusi, umeipata salfaidi ya hidrojeni, gesi ya mahali pasipo na oksijeni. Mchanga laini wa mtoni hushikamana na kuzuia maji kupita. Uoshe mpaka maji yatoke meupe, na usizidishe kina cha sentimita 5. Ule uliokwisha kuwa mweusi usiuvuruge wote kwa pamoja, kwani utaiachia sumu kwa mkupuo. Nyonya uchafu kwa mpira, sehemu moja leo, nyingine wiki ijayo.

Kule Kimamba, ndani ya Kilosa hiihii, kuna samaki mdogo mwenye rangi za kuvutia, Nothobranchius steinforti, aliyepewa jina hilo la kitaalamu mwaka 1977. Huishi kwenye madimbwi ya msimu. Dimbwi likikauka wakubwa hufa, mayai yao yakabaki kwenye tope yakisubiri mvua. Mayai yale yameumbwa kuvumilia tope lisilo na hewa. Samaki anayeogelea sebuleni kwako hakuumbwa hivyo, na maji ya nyuzi 30 humpa oksijeni pungufu kuliko ya nyuzi 20: takribani miligramu 7.5 kwa lita badala ya 9.

Ndiyo maana umeme ukikatika kwa saa nyingi, chujio ndilo hunuka kwanza. Bakteria waliomo hukosa hewa na kufa, na umeme ukirudi, pampu humwaga uozo huo wote kwa samaki. Chomoa chujio kabla ya kuliwasha, ukamue sponji ndani ya ndoo ya maji uliyoyachota kwenye tangi lenyewe. Usiioshe kwa maji ya bomba yenye klorini, wala kwa sabuni.

Kosa linaloniuma zaidi ni la mtu anayechukizwa na harufu, akamwaga maji yote na kusugua kila jiwe. Amewafukuza bakteria, na baada ya siku chache harufu inarudi kali zaidi. Badilisha robo ya maji kila wiki. Ya bomba yaache usiku kucha kwenye ndoo wazi. Ya mfereji wa mashamba ya vitunguu yaepuke kabisa, hasa majira ya kupuliza dawa. Yale unayoyatoa mwagia kitalu chako, kwa kuwa nitrati iliyomo ni mbolea.

Wiki ijayo: maji ya kijani na ukoga kwenye kioo.