Homa, Tone la Damu na Fikra za Ulaya

Katika hospitali ya Longisa, iliyo kando ya barabara itokayo Bomet kwenda Narok, mgonjwa wa homa huchomwa kidole, tone la damu yake likawekwa juu ya kipande cha kioo, likatandazwa, likaachwa likauke, kisha likatiwa rangi ya zambarau iitwayo Giemsa, kwa jina la mkemia wa Hamburg aliyeitengeneza mwanzoni mwa karne ya 20. Na baada ya dakika chache huoshwa kwa maji na kutazamwa katika hadubini, lenzi ikiwa imegusa tone la mafuta, mpaka mtazamaji aone, au asione, vipete vidogo vya samawati vyenye nukta nyekundu, ambavyo ndivyo vimelea vya malaria. Hakuna anayeistaajabia kazi hii. Walakini jambo lililomo ndani yake, yaani kwamba hukumu ya maradhi haitolewi na cheo cha mtu bali na kitu ambacho kila mwenye macho aweza kukitazama, liliigharimu Ulaya zaidi ya miaka 200 ya ubishi, na katika ubishi huo fikra za watu wa huko na jamii zao zikageuka.

Wengi wanapotaja uvumbuzi ulioigeuza Ulaya huanza na Copernicus na Galileo, wala hawakosei. Lakini mkulima wa viunga vya Roma au wa vinamasi vya Essex, jua lizunguke dunia au dunia izunguke jua, alilima shamba lile lile na kushikwa na homa ile ile mwaka baada ya mwaka. Kwa mkulima huyo mageuzi yalipitia mlango wa maradhi, na kwa sababu hiyo naona kuwa historia ya homa yatufaa sisi wa nyanda hizi za chai za Bomet na Kericho kuliko historia ya nyota.

Tabibu wa Ulaya, tangu Zama za Kati mpaka karne ya 17, alilelewa katika vitabu vya Galen na katika Kanuni ya Ibn Sina, akafundishwa kuwa mwili una majimaji manne, yaani damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kwamba homa ni dalili ya mizani yao kuharibika, hivyo mgonjwa hana budi kuumikwa, kutapishwa au kuharishwa mpaka kilichozidi kitoke. Basi katika karne hiyo ya 17 mapadri Wajesuiti wakaleta kutoka Peru gamba la mti wa mkwinini, ambalo likisagwa na kunywewa katika divai huondoa homa ya vipindi, yaani malaria, pasipo kumwagwa damu wala kutapishwa, tena haliondoi homa nyinginezo. Jambo hili liliwatia wanazuoni katika dhiki kubwa. Kwani ikiwa maradhi yote ni mizani iliyoharibika, imekuwaje dawa moja iponye homa moja na kuiacha nyingine, na iponye bila kutoa kitu mwilini? Mashuhuri ni kisa cha Robert Talbor, mtu aliyeanza kwa kumtumikia muuza dawa na kudharauliwa na madaktari wa London, ambaye alimponya Mfalme Charles wa Pili kwa dawa ya siri, akavuka kwenda Ufaransa akamponya mwana wa Louis wa Kumi na Nne, na mfalme huyo akainunua siri, ikatangazwa mwaka 1682 baada ya Talbor kufariki: nayo ilikuwa gamba lile lile. Ndipo wazo kwamba kila maradhi ni kitu chenye nafsi yake, chenye sababu yake na dawa yake, lilipoanza kushika mizizi, na ufalme wa Galen ukaanza kutikisika.

Kuijua sababu yenyewe kulihitaji macho. Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo katika mji wa Delft, asiyejua Kilatini wala kukanyaga chuo kikuu, alisaga lenzi kwa mikono yake, na katika miaka ya 1670 akawaandikia wanachuoni wa Royal Society ya London kuwa ndani ya matone ya maji ameona viumbe hai wasiohesabika. Walisita kumwamini, mpaka mwaka 1677 Robert Hooke, mmoja wao, alipotazama kwa hadubini yake na kuwaona pia. Na hilo, kwa maoni yangu, ni tukio kubwa kupita viumbe wenyewe, maana neno la muuza nguo lilisimama si kwa nasaba yake bali kwa kuwa mtu mwingine alitazama akaona vile vile.

Hata hivyo miaka 200 zaidi ilipita watu wakiamini kuwa malaria hutokana na hewa mbovu ya vinamasi. Mwaka 1880, huko Constantine katika Algeria, daktari wa jeshi Alphonse Laveran aliona katika damu ya askari kimelea kikitikisa mikia yake. Mwaka 1897 daktari Mwingereza Ronald Ross, akiwa Secunderabad katika Bara Hindi, akakiona ndani ya tumbo la mbu. Na mwaka uliofuata mwanasayansi Mwitaliano Giovanni Battista Grassi akathibitisha kuwa mbu wa aina ya Anofelesi ndiye amwambukizaye mwanadamu. Ni haki kutaja kwamba katika miaka hiyo hiyo mwanasayansi Mjerumani Robert Koch, alipokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, aliwasikia wenyeji wa milima ya Usambara wakisema kwamba watu wao hushuka tambarare, huumwa na mbu, nao huugua homa. Watu wa milimani waliyatambua hayo kwa miili yao kabla hadubini haijafika.

Matokeo ya elimu hii katika jamii yalikuwa ya ajabu, na mfano bora ni Italia. Mwaka 1900 bunge la huko lilipitisha sheria ya kuifanya serikali iuze kwinini, dawa itokanayo na gamba lile lile, kwa bei nafuu katika maduka ya tumbaku, na sheria zilizofuata zikawatwika waajiri gharama ya dawa ya vibarua wao. Maadamu maradhi yalidhaniwa kuwa ni hewa ya mahali, kibarua alilaumiwa kwa kuishi hapo. Yalipojulikana kuwa ni kimelea na mbu, afya ya kibarua ikawa ni deni ambalo mwenye shamba na serikali hawawezi kulikana. Mwaka 1970 Italia ilitangazwa kuwa imeondokana na malaria.

Lakini kwinini iyo hiyo ndiyo iliyomfungulia mkoloni mlango wa Afrika, tangu mwaka 1854 daktari William Baikie alipopanda mto Niger, watu wake wakinywa kwinini, na kurudi bila kufiwa na mtu kwa homa. Wala kuyajua maradhi hakukuwazuia watawala kuwatenda watu vibaya. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuuhamisha ukoo wa Talai, uliotoa maorkoiyot, yaani viongozi wa kiroho, wa Kipsigis, kutoka nyanda baridi za Kericho hadi Gwassi kando ya ziwa Victoria, mahali pa mbung'o na malaria, na wengi wakafia huko. Hawakurudishwa mpaka uhuru ulipokaribia. Ilikuwa miaka 37 baada ya Ross, na hakuna mtawala awezaye kudai kwamba hakujua.

Ubaridi wa nyanda hizi, walikotolewa Talai, ndio ngao yake dhidi ya malaria. Kimelea cha malaria kali hakikui ndani ya mbu joto likiwa chini ya takriban digrii 16. Kwa digrii 20 huchukua karibu siku 28 kukomaa, kwa digrii 25 siku 12 tu, na kwa kuwa mbu ni nadra kuishi zaidi ya majuma machache, kupanda kwa digrii moja kwaweza kutenganisha mwaka wa salama na mwaka wa msiba. Ndiyo maana homa iliporudi kwa nguvu katika mashamba ya chai ya Kericho katika miaka ya 1980 na 1990, kumbukumbu za hospitali za mashamba hayo, zilizotunzwa tangu miaka ya 1960, zikawa shahidi katika ubishi wa wanasayansi juu ya sababu ya kurudi huko. Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake waliandika kuwa hali ya hewa haikubadilika, na baadhi ya watafiti wakataja kuwa sababu ni dawa ya klorokwini, iliyokuwa imeshindwa nguvu na usugu wa vimelea. Mwaka 2011 Judy Omumbo, mtafiti Mkenya, pamoja na wenzake wakavirudia vipimo vya kituo chenyewe cha hali ya hewa cha Kericho, wakavisafisha kosa kwa kosa, na wakakuta kuwa katika miongo mitatu joto lilikuwa limepanda kwa takriban sehemu mbili za kumi za digrii kila muongo. Hoja ya usugu wa dawa haikuangushwa na hayo, kwa kuwa sababu mbili zaweza kufanya kazi pamoja. Ila kauli kwamba nyanda hizi hazijapata joto ilipoteza nguvu, na kilichoipinga ni kipimajoto cha hapa hapa, kilichosomwa siku kwa siku na watumishi wa kituo ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote.